Turubai la bwawa, fundi wa mivujo na ndoo ya lita 20: uzoefu wangu Jambiani

Turubai hili nilikuwa tayari kuliandikia vibaya. Nililinunua Januari, kaskazi ikivuma kweli kweli, na kwa wiki mbili niliamini nimetupa pesa. Sasa ni mwisho wa Machi na maoni yangu yamebadilika. Kilichoyabadilisha ni ndoo ya plastiki iliyokuwapo jikoni kwetu siku zote.

Mimi na kaka yangu tunaendesha nyumba ya wageni ya vyumba sita hapa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Bwawa letu lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 5. Hesabu yake ni nyepesi na kila mwenye bwawa aijue ya kwake: eneo la mita za mraba 50 maana yake maji yakishuka milimita moja, zimeondoka lita 50. Letu lilikuwa linashuka kama sentimita mbili kwa siku. Ni lita 1,000 hizo. Kila siku kumi tukawa tunaita boza la lita 10,000.

Pesa iliuma, lakini haikuuma kama macho ya watu. Majirani zetu huamka alfajiri kungojea maji ya bomba, na watoto hupanga madumu yao foleni kabla ya kwenda skuli. Boza linapita mbele yao, linaingia kwetu, linamwagwa kwenye bwawa. Mama yangu aliniambia mara moja tu, "Mwanangu, maji yale yanakwenda wapi?" Sikuwa na jibu, na swali lile halikunitoka.

Kila niliyemuuliza alinijibu vile vile: jua na upepo. Mpwani huku upepo haupungui, maji ya bwawa yana joto, lazima yakauke. Basi nikaagiza turubai la mapovu, lile la plastiki ya buluu linaloelea juu ya maji, unene wake maikroni 400. Bei yake ilizidi maboza manne. Tukawa tunalitandika magharibi na kulikunja asubuhi. Maji yakapungua kushuka, ndiyo, lakini kutoka milimita 20 hadi kama 18. Nilipoona hivyo nikamlaumu muuzaji, nikalaumu plastiki, nikaanza kuandika maneno makali.

Kabla ya hapo tulishamwita fundi mmoja, yeye akasema bwawa limwagwe lote, vigae vibanduliwe, lipigwe plasta upya. Ami yangu, mvuvi wa miaka mingi, ndiye aliyetuzuia. Alimchukua kaka mpaka kwenye kisima cha uani, akamwonyesha jinsi maji yake yanavyopanda bahari ikijaa. Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, ina matundu kama sifongo, na bahari hupita chini yake. "Bamvua hiyo inakuja," akasema, yaani siku za maji makuu ya bahari, "mkilitoa maji bwawa, ya chini yatalisukuma juu." Yuko sahihi kabisa. Bwawa tupu kwenye ardhi iliyojaa maji huweza kuinuka na kupasuka, kwa sababu uzito wa maji ya ndani ndio unaolikalisha mahali pake. Ukiwa karibu na pwani, usikubali mtu alimwage bwawa lako bila kujua maji ya chini yako wapi siku hiyo.

Ardhi hiyo hiyo ndiyo iliyotuficha tatizo. Kwenye udongo mzito mvujo huacha alama: majani yanakuwa mabichi upande mmoja, ardhi inalowa. Kwetu maji yakitoka yanapotelea kwenye matumbawe, na juu pakavu kabisa.

Fundi wa pili tulimpata kutoka mjini, kijana mpole anayefanya kazi ya kutafuta mivujo tu. Kwenye simu, kabla hata ya kukubali kuja, aliniuliza kama dawa ya kutuliza klorini, ile inayoikinga isiliwe na jua, inapanda au inashuka kwenye vipimo vyangu. Nilikuwa navyo kwenye daftari: inashuka, kila wiki, na mvua hakuna. Akaniambia maji yanayokauka huondoka peke yake na kuacha chumvi na dawa nyuma, kwa hiyo bwawa linalokauka tu halipunguzi dawa hiyo kiasi kile. Dawa ikishuka pamoja na maji, kuna mahali yanatoka yote mawili, na boza linarudisha maji matupu. Sikuwahi kuelezwa hivyo, na daftari nilikuwa nalo mkononi miezi yote.

Kisha akanipa kazi ya ndoo. Chota maji ya bwawa, jaza ndoo, iweke kwenye ngazi ya kwanza ndani ya bwawa na utie jiwe isielee. Maji ya ndani ya ndoo yawe usawa mmoja na ya bwawa. Weka utepe wa alama ndani ya ndoo na mwingine kwenye kigae, pale maji yalipofika. Asiogelee mtu, usiongeze maji, turubai litolewe, mvua isinyeshe. Baada ya saa 24 pima. Ndoo inapigwa na jua lile lile na upepo ule ule, na joto la maji yake ni lile lile, kwa hiyo kilichopungua ndani yake ndicho kilichokauka.

Ndoo ilishuka milimita 6. Bwawa lilishuka 19.

Nilikaa pale ngazini na rula yangu nikazipima tena zote mbili. Milimita 6 ndiyo kaskazi yote ile iliyosemwa. Zilizobaki 13, lita 650 kwa siku, zilikuwa zinaingia ardhini.

Siku ya pili tukarudia pampu ikiwa imezimwa. Ndoo 6 tena, bwawa 15. Alipopata majibu hayo fundi alijua atafute sehemu mbili kabla hajapanda gari: mvujo unaotoka saa zote, ambao uko kwenye mwili wa bwawa, na mwingine unaoongezeka pampu inapofanya kazi, ambao uko kwenye mabomba au kwenye filta.

Wa kwanza aliupata kwa rangi nyekundu ya chakula. Alizima umeme wa taa, akaacha maji yatulie, akaingia taratibu na bomba la sindano lisilo na sindano, akadondosha rangi kidogo kwenye skima, lile tundu la kando linalovuta uchafu wa juu, kwenye nyufa za vigae, kwenye matundu ya kurudishia maji. Rangi ilielea tu. Alipofika kwenye taa, uzi mwekundu ulinyooka ukaingia nyuma ya taa kama unaitwa. Kule nyuma kuna paipu inayopitisha waya, na aliyejenga hakuiziba. Akaitoa taa kwenye shimo lake la ukutani, akaziba paipu kwa epoksi, gundi inayokauka ndani ya maji, bila kumwaga hata ndoo moja.

Wa pili ulikuwa kwenye vali ya filta, ile yenye mkono wa kuzungusha. Gasketi ya ndani ilikuwa imechoka. Maji yalikuwa yakipenya kidogo kidogo kwenda paipu ya maji machafu kila pampu inapowaka, na paipu hiyo imezikwa mpaka shimoni, nani ataona? Alipoifungua paipu tukaona uzi mwembamba wa maji. Saa nane za pampu kwa siku, uzi ule ulikuwa lita 200.

Tulipima tena baada ya kazi: ndoo 6, bwawa 6. Malipo yake yote na vifaa hayakufika bei ya maboza mawili. Kasoro niliyoiona ni moja, alichelewa siku tatu kumaliza kazi kwa sababu gasketi haikupatikana sokoni Darajani, mjini, akaiagiza Dar es Salaam, na alipaswa kutuarifu mapema.

Sasa narudi kwenye turubai, nilitendee haki. Kwenye bwawa lisilovuja linafanya kazi. Tukilitandika usiku tu, milimita 6 zinakuwa chini ya 4 kidogo, yaani tunaokoa lita zaidi ya 100 kwa siku. Mchana hatulitandiki, maji yanapata joto mpaka wageni wanalalamika. Mapovu yaelekee chini. Likikunjwa liwekwe kivulini, maana likiachwa juani limekunjwa linajipika lenyewe na mapovu yanapasuka. Ukitia klorini nyingi liache nje mpaka ishuke, inaitafuna plastiki. Upepo ukizidi linafunuka pembeni, na likilowa ni zito kwa mtu mmoja, kwa hiyo nunua na rola yake ya kulikunjia. Na wenye watoto: halibebi uzito wa mtu. Mtoto akilikanyaga linamzamisha na kumfunika. Sisi tumeweka uzio wa mti na mlango wenye komeo juu, na hakuna anayeingia majini kabla turubai halijatoka lote.

Turubai nalipa nyota nne, fundi nyota tano kasoro zile siku tatu. Tangu mwanzo wa Februari boza limekuja mara moja. Utepe bado uko kwenye kigae, kwa sababu Juni kusi itakuwa inavuma na nataka kuona ndoo itasema ngapi.