Miezi minane na presha kuka ya stima: maharagwe, githeri na tokeni

Nilinunua presha kuka ya stima ya lita 6 mwezi wa pili pale Luthuli, barabara ya maduka ya vitu vya stima Nairobi, shilingi 8,500, na tangu hapo haijapita wiki sijaitumia, kwa hivyo naweza kuiongelea. Naishi Umoja na watoto wawili na sisi ni watu wa maharagwe na githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Nikichemsha maharagwe mara mbili kwa wiki mtungi wa gesi wa kilo 6 haunifikishi mwisho wa mwezi, na makaa nayo siwezi kuwasha ndani ya nyumba ya chumba kimoja watoto wakiwa wamelala, ile hewa yake inaua bila hata kunuka.

Kuna kitu nilichelewa kujua. Hapa Nairobi tuko juu sana, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo maji yetu yanachemka kwa kama nyuzi 94 tu, hayafiki 100. Dada yangu yuko Mombasa, shosho, yaani nyanya yetu, alitugawia maharagwe ya gunia moja, yake yakaiva mapema na yangu yanatokota tu na bado ni magumu, nikadhani mimi ndio sijui kupika. Presha inafungia mvuke ndani joto linapita mia, basi hapo ndio inashinda sufuria.

Nimepima kwa mita ya tokeni, ile ya kununua uniti za stima kabla ya kutumia, naandika namba kabla na nikimaliza naandika tena. Maharagwe nusu kilo yaliyolala kwa maji usiku, dakika 25, yalikula kama uniti 0.3. Githeri ya mahindi makavu niliipa saa nzima ikala kama 0.5. Kwangu hio ni pesa kidogo sana ukilinganisha na gesi. Lakini angalia matumizi yako ya mwezi mzima, kwa sababu wanaotumia chini ya uniti 30 wanauziwa kwa bei ya chini, ukizidi hapo unahamishwa bei ya juu na hio bei inashika hadi taa na pasi. Mimi nilikua kwa 21, nikafika 27, niko sawa. Kama tayari uko kwa 29 fikiria kwanza.

Kununua ndio kulinisumbua. Duka la kwanza, silitaji jina, walinipa kwa boksi bila kuichomeka, kufika nyumbani mvuke unatoka pembeni ya kifuniko na presha haishiki, kurudi naambiwa waranti haina mhuri. Wiki mbili za kwenda na kurudi na nauli ni yangu, mwisho wakanirudishia pesa nikaenda duka lingine. Tafadhali usitoke dukani kabla haijawekwa maji vikombe viwili ikawashwa mbele yako mpaka ishike presha, na mhuri na tarehe ziwe kwa waranti na kwa risiti. Uliza pia kama wanauza raba ya kifuniko peke yake, maana hio ndio inazeeka kwanza. Raba inashika harufu vibaya sana, nilipika matumbo na kesho yake wali ukanuka matumbo, sasa niko na mbili, moja ya nyama na moja ya vitu vingine.

Usiichomeke kwa ekstensheni ya bei rahisi, hii ni wati 1,000 na waya nyembamba unapata moto, yangu iko kwa soketi ya ukuta peke yake. Maharagwe na ndengu usijaze kupita nusu kwa sababu yanatoa povu na povu linaziba pale mvuke unapotokea. Na kabla hujafungua ngoja kale kachuma kadogo ka juu kashuke kenyewe, watoto nao wakae mbali.

Ugali na chapati bado ni gesi, hapo haisaidii kitu.

Juzi stima ilipotea ndengu zikiwa zimeshika presha kama dakika kumi hivi, nikaiacha vile vile imefungwa nikaenda kuogesha watoto, kurudi kachuma kameshuka, nikafungua na tochi ya simu, zilikua zimeiva. Nilikaanga kitunguu tu kwa gesi tukakula.