Uzoefu wangu: darasa la Tingatinga huku niko kwenye kemo

Dada zangu habari zenu, naandika hii maana mie nilivyotafuta mtu wa kuniambia kama naweza kujifunza kuchora huku natibiwa saratani ya titi sikumpata. Nilitolewa titi la kulia na matezi ya kwapani, nikaja kuanza kemo, yaani dripu za dawa za saratani, dozi nne za ile dawa nyekundu kila baada ya siku 21. Binti yangu aliponiona nashinda chumbani naangalia ukuta tu akanitafutia fundi mmoja hapa Dar anayefundisha uchoraji wa Tingatinga, 25,000 kwa siku, ubao na rangi unalipia mbali.

Siku ya kwanza nusura niache. Tingatinga toka enzi za mzee Edward Saidi Tingatinga, mwaka 1968 huko, inachorwa na rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, inang'aa vizuri sana lakini harufu yake na ya thina kwa mtu wa kemo jamani, nilitoka nikatapika mtaroni. Na kwenye simu tulishasema naumwa nini, hakuna aliyenionya, kwakweli iliniuma. Ila mwalimu akaja akanikalisha barazani, "pole mama, pumzika kwanza", na niliporudi nikakuta kaniwekea akriliki, ile ya kuchanganya na maji. Haing'ai kama ya mafuta ila nilikaa masaa mawili bila kichefuchefu.

Tukaanza na kanga, yule ndege. Unapaka ubao wote rangi ya nyuma, ikikauka unachora mwili mweusi, ndo unaanza madoa meupe. Unachovya ncha ya brashi, unagusa, unanyanyua, ukikandamiza tu doa linakuwa bonge, ukisahau kuchovya linatoka kavu limepauka. Sasa nilipobadilishiwa dawa vidole vikaingia ganzi, brashi inadondoka mie hata sisikii, nikalia pale pale. Mwalimu akakata kipande cha godoro, akakizungushia kwenye mpini akafunga na mpira, ukawa mnene, nikaweza kushika. Shingo peke yake niliweka madoa 140, nimeyahesabu, na muda wote ule sikuwaza dripu wala majibu ya vipimo.

Kingine ni mkono. Hospitali waliniambia nipandishe vidole ukutani kila siku, nikawa nakwepa maana kwapa linavuta kama limeshonwa fupi. Mwalimu akauegemeza ubao juu, mbingu ya ile picha huwezi kuifikia bila kunyanyua mkono, basi wiki ya 5 nikajikuta naanua nguo kwenye kamba mwenyewe. Ila kila nusu saa napumzika, na ubao anabeba binti, mkono ule wa upande uliotolewa matezi sitaki uvimbe.

Kama uko kwenye kemo muulize daktari wako kwanza. Mie naenda wiki ya tatu ya mzunguko tu, ile ya mwisho kabla ya dripu nyingine, kabla ya hapo seli nyeupe za damu, zile za kukinga maradhi, zinakuwa chini na darasani watu wanakohoa, na barakoa sivui. Sema mapema kabisa kwamba rangi ya mafuta hutaki.

Nawapa nyota 4, moja nimeitoa kwa ile siku ya kwanza. Kanga wangu yuko sebuleni juu ya tivii, bawa la kushoto madoa yamepinda, ni ya wiki ile ya ganzi, mwalimu alitaka tuyafute nikamwambia hapana yaache.