Bangili ya mzee anayesahau: ya inox, ya silikoni au saa ya GPS?

Familia ya Goma, Kongo, yenye mzee aliyeanza kupotea njia huwa inachagua kati ya vitu hivi vitatu. Tuseme mapema: chukua ya inox (chuma kisichoshika kutu), ile yenye kibao cha kuchonga maandishi. Silikoni na saa zina kazi zao, tutazigusa chini.

Ugonjwa wa kusahau, kama Alzheimer, mara nyingi unakula kwanza mambo ya juzi na jana. Ya utotoni ndiyo hukawia. Mzee anayekaa Ndosho, mtaa wa Goma, akiulizwa na motari (dereva wa pikipiki ya abiria) nyumbani ni wapi, anaweza kutaja kijiji alichozaliwa huko Masisi, na kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Motari mwenye huruma atamfikisha Sake, kwenye njia ya Masisi, kabla hajashtuka. Kwa hiyo bangili inaandikwa kwa ajili ya motari, siyo kwa ajili ya mzee.

Andika Kiswahili. Neno ALZHEIMER linakula herufi 9 na watu wengi barabarani halitawaambia kitu; ANASAHAU ni herufi 8 na kila mtu anaelewa. Jina liwe lile analoitikia sasa, hata kama kwenye kadi ya uchaguzi kuna lingine. Mama ambaye haitiki tena jina la ndoa, andika la usichana. Avenyu na namba ya nyumba usiandike: ukihama kibao kinadanganya, na si kila anayesoma ana nia njema.

Penye makosa mengi ni namba ya simu. Lazima ianze na +243, ya Kongo, kwa sababu Gisenyi ya Rwanda ni mwendo wa miguu tu, na mtu mwenye laini ya Rwanda akipiga 09 hapati kitu. Namba nzima ni alama 13. Fundi akitumia stampu (vyuma vya kugonga herufi) za mm 3, pamoja na nafasi, anahitaji karibu mm 45, wakati kibao, tuseme, kina mm 40. Hapo ndipo anapoamua mwenyewe kukata +243. Mwambie atumie mm 2: alama 13 zinaingia kwenye mm 33 hivi, na kibao cha upana wa mm 12 kinabeba mistari mitatu:

MZEE BAHATI
ANASAHAU PIGA
+243 na tarakimu 9

Nyuma weka namba ya pili, ya mtandao mwingine, na ugonjwa mwingine kama upo (KISUKARI). Zote ziwe namba zinazotumika kila siku. Laini iliyolala inaweza kufungwa na kupewa mtu mwingine.

Stampu za nyundo zinafaa kwenye shaba na aluminiamu. Inox ni ngumu: herufi zinatoka hafifu, nyingine zimelala upande. Kwa inox tafuta leza au kalamu ya umeme ya kuchongea. Shaba ni rahisi kuchonga lakini jasho linaifanya ipake ukijani mkononi, na aluminiamu inapinda. Halafu kuna mtego mdogo: seti nyingi za stampu zina kipande kimoja tu cha 6 na 9, kinageuzwa. Kwa namba inayoanza na +24399, fundi aliyechoka anaweza kukupa +24396. Kabla ya kulipa, mpe mtu asiyejua namba hiyo aisome kwenye kibao na apige hapohapo.

Kipimo: zungusha uzi kwenye kifundo cha mkono, ongeza sm 1, kidole kimoja kipite. Kifungo kiwe cha kukunja, kinachotaka mkono wenye nguvu kukifungua, na bangili ivaliwe mkono anaoutumia zaidi, ili kazi ya kuifungua ibaki kwa mkono dhaifu. Zile za mpira wa kuvutika zinatoka wakati wa kunawa. Kila wiki tazama ngozi: wekundu na muwasho vinaweza kutokana na nikeli iliyo ndani ya chuma, na mkono ukivimba, ilegeze siku hiyohiyo.

Silikoni ni laini, inafaa ngozi nyepesi, ila inafanana na bangili za mapambo na watu hawaisomi. Ukiichukua, maandishi yawe yamechimbwa, si ya wino. Wino unaondoka na sabuni.

Saa ya GPS inavutia dukani. Inataka laini yenye mega (bando la intaneti), mtandao, na chaji karibu kila siku, mahali ambapo umeme unakatika bila kuaga. Zile za bei ya chini zikikosa setilaiti hukisia kwa minara ya simu, na kosa linaweza kufika mita mia kadhaa: katika kartie (mtaa) iliyobanana hiyo ni nyumba nyingi za kubisha hodi. Karibu na mpaka laini inaweza kushika mtandao wa Rwanda, na ramani inakwama. Mzee naye, akiwa hajazoea saa, anaivua. Ivaliwe pamoja na bangili, si badala yake.

Jambo moja halitibiki kwa bangili yoyote. Mzee aliyekuwa mzima jana na leo hajui yuko wapi, apelekwe hospitali leo: malaria, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka, kukauka maji au dawa mpya vinaweza kumvuruga mtu kwa saa chache, na vingi vinatibika vikiwahiwa. Beba dawa zake zote kwenye mfuko, hata za kienyeji, daktari azione.