Karakana ya useremala Mikindani na kuta za tela langu la zamani

Mwezi Februari nilipeleka tela langu la kulalia, lililotengenezwa Uingereza miaka ya 1970, katika karakana ndogo ya useremala iliyopo Mikindani, mkoani Mtwara, kandokando ya barabara iendayo Lindi. Nilikusudia kuligeuza kuwa kibanda cha chai na vitafunio huko Shangani, lakini kuta zake za ndani zilikuwa zinabonyea mtu akiziegemea, sembuse kutundikiwa rafu ya masufuria.

Ukuta wa tela la aina hii haufanani hata kidogo na wa nyumba. Ndani mna plaiwudi ya milimita 3 tu, nyuma yake fremu ya mbao laini iliyojazwa povu jeupe la kuzuia joto, na nje bati la alumini. Vyote hivyo hushikana ili kuhimili mtikisiko wa barabarani, kwa hiyo mbao moja ikioza, ukuta mzima hulegea.

Nilitaka plaiwudi ya milimita 12 pande zote. Fundi alikataa. Alinieleza kwamba plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4 ya unene huo hufikia kilo 20 hivi, na zilihitajika tisa. “Mama, ukiweka hizo, utalivuta kwa lori,” alisema. Badala yake alibandua plaiwudi ya zamani, akakuta mbao zilizo chini ya dirisha la mbele zimeoza kwa maji yaliyokuwa yakipenya kimyakimya, akazikata, akaunga nyingine zilizotiwa dawa na kuliziba dirisha upya. Kisha alinitaka nichore kwa chaki kila mahali rafu, meza ya kukunja na mtungi wa gesi vitakapokaa, akapachika vipande vya mbao katikati ya nguzo za fremu mahali hapo tu, ndipo akafunika kwa plaiwudi ya milimita 6 iliyopakwa gundi kwenye fremu yote na kukazwa kwa skrubu. Rafu sasa hubeba masufuria yaliyojaa bila kutikisika, ilhali uzito ulioongezeka ni mdogo.

Kazi niliyoahidiwa siku 10 ilichukua wiki tano. Sehemu ya ucheleweshaji huo naikubali, kwa kuwa mvua zilikuwa nyingi na fundi hakutaka kufungia ukutani mbao zenye unyevu, ingawa wakati ule nilimnunia. Nisichokikubali ni skrubu za kawaida alizotumia kwenye tela litakalokaa hatua chache kutoka baharini: kufikia Mei alama za kutu zilikuwa zimejitokeza kwenye rangi nyeupe. Alizibadilisha kwa zile zisizoshika kutu bila kunitoza ufundi, lakini skrubu zenyewe nilinunua mimi.

Atakayepeleka kazi hapo anunue mwenyewe skrubu zisizoshika kutu tangu mwanzo, na mchoro wa rafu zake awe nao mkononi kabla ukuta haujafunikwa.