Cowboy Bebop: zima "kipindi kinachofuata" kabla hujaanza

Kwa anayependa kuchimba vitu vilivyofichwa ndani ya anime (katuni za Kijapani), sijaona inayoipita hii, hadithi ya Spike, Jet na Faye, wawindaji wa wahalifu wanaosafiri kwa chombo cha angani kiitwacho Bebop. Ina vipindi 26, imetengenezwa na Sunrise chini ya muongozaji Shinichirō Watanabe, ilianza kuonyeshwa 1998, na muziki ni wa Yoko Kanno. Majina mengi ya vipindi yametolewa kwenye nyimbo na albamu, na kulijua jina mara nyingi kunabadilisha unachokitazama.

Chukua kipindi cha 18, "Speak Like a Child", jina la albamu ya Herbie Hancock ya 1968. Faye ametumiwa kanda ya video, na hakuna kwenye chombo anayejua ichezwe vipi. Spike na Jet wanateremka hadi chini kabisa ya magofu, Duniani, wanapanda na deki mgongoni, halafu kanda inagoma kuingia. Kanda ni ya Betamax, mfumo wa Sony wa 1975; deki ni ya VHS, ya JVC, iliyotoka mwaka mmoja baadaye. Utepe wa ndani una upana uleule wa nusu inchi, lakini kasha la Beta ni dogo na utepe unapita njia nyingine kwenye kichwa cha deki kinachosoma picha. Asiyejua ushindani wa mifumo hiyo atacheka tu. Anayejua ataumia, maana kumbukumbu za mtu zimefungiwa kwenye mfumo ulioshindwa sokoni.

Cha 11, "Toys in the Attic" (albamu ya Aerosmith, 1975), kinafuata nyayo za filamu ya Alien ya 1979: kiumbe kinawinda watu mmoja mmoja ndani ya chombo. Angalia kilikotoka, friji iliyosahaulika, na usikilize waltzi ya Tchaikovsky friji hiyo ikielea angani. Hapo wanaigusa filamu ya 2001: A Space Odyssey, ambamo vyombo vya angani huelea kwa waltzi. Kwangu hiki ndicho kipindi cha kuanzia ukitaka kumvuta mgeni.

Wale wazee watatu wanaocheza karata na kupitapita kwenye vipindi ni Antonio, Carlos na Jobim: ukiyaunganisha majina, unampata mtunzi wa Brazili wa bossa nova, muziki wa huko. Na Spike anapomfundisha kijana aitwaye Rocco kupigana kwa kuwa kama maji, katika cha 8, yale ni mafundisho ya Bruce Lee.

Tatizo kubwa liko kwenye programu za kutazamia. Nyingi hukata majina ya watengenezaji na kurukia kipindi kingine, kumbe maneno ya kuagia mtazamaji hutokea kwenye skrini baada ya majina hayo. Kwa kawaida ni "See You Space Cowboy", ila si kila mara: cha 11 kinafunga kwa "The End". Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, zima uchezaji wa kujiendesha, na ukifika cha 26 usiguse rimoti mpaka skrini iwe nyeusi kabisa. Maneno ya pale yanatoka kwenye albamu ya Abbey Road ya The Beatles, 1969, na bila hayo hujaumaliza mfululizo.