Kikombe cha kila asubuhi: kliniki za methadoni Dar es Salaam

Methadoni ni dawa anayopewa mtu anayetegemea heroini, aitumie badala yake. Huduma hii ilianza Hospitali ya Muhimbili Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na sasa imefika mikoa kadhaa. Dawa ni bure. Kwa anayetumia heroini kila siku, tunaipendekeza kuliko ule mtindo wa familia kumfungia mtu chumbani mpaka arosto, yaani mateso ya kukosa heroini, iishe. Arosto huanza kama saa 8 hadi 12 baada ya kete (kipakiti cha heroini) ya mwisho, inakolea siku ya pili na ya tatu, na ndani ya wiki moja hivi mwili unatulia. Hatari inakuja baada ya hapo. Mwili umeshazoea kukaa bila unga, yaani heroini, lakini kichwa bado kinakumbuka kiwango cha zamani. Akitoka akajidunga kiasi kile kile, anaweza kuacha kupumua.

Methadoni ni dawa ya maji. Mteja anafika dirishani, anatambuliwa, anapimiwa dozi yake kwenye kikombe kidogo na kuinywa mbele ya mtoa dawa. Kisha anakunywa maji na kuongea kidogo, ionekane kwamba amemeza na hakubakiza kitu mdomoni cha kwenda kuuza.

Dozi ya kwanza kwa kawaida haizidi miligramu 30, halafu inapandishwa taratibu. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Hapa ndipo watu wengi huharibu. Siku tatu za mwanzo mteja bado anasikia mifupa inauma, anasema "hii dawa maji tu", anaongezea kete jioni. Kumbe methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku moja, kwa hiyo ya leo inapanda juu ya mabaki ya jana, na inachukua kama siku tano kufika usawa wake. Kete ya siku ya nne inaikuta methadoni imeshajaa mwilini, na pumzi inaweza kukata. Ndiyo maana wiki mbili za kwanza ndizo za kuangaliwa zaidi. Pombe na vidonge vya usingizi visiguswe kabisa. Nyumbani, akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida na haamshiki, mpelekeni hospitali usiku huo huo. Msisubiri kukuche.

Mwenye kifua kikuu au anayetumia ARV aseme mapema. Rifampisini na efavirenzi hupunguza nguvu ya methadoni, mtu anapata arosto ilhali dozi hajakosa, na wenzake wanamwona mwongo. Dozi inaongezwa tu. Dawa ya kifua kikuu ikiisha, inashushwa tena. Aliyekosa siku tatu mfululizo asidai kipimo chake cha kawaida; atapimwa upya na kuanzishwa chini. Choo kigumu na jasho ni vya kutarajia.

Kasoro kubwa ni safari. Kwenda na kurudi kila siku kwa daladala kunakula nauli na saa za kibarua, na anayeishi mbali ndiye anayeacha mapema. Dozi za kubeba nyumbani hupewa walioonyesha utulivu kwa muda, si wageni.

Na kuna jambo ambalo kikombe hakiligusi. Methadoni inazima arosto, haizimi kijiwe. Hamu huamshwa na vitu vidogo: kona ya mtaa, sauti ya rafiki, noti ya elfu kumi mkononi saa kumi jioni. Hupanda, hufika kilele, kisha hushuka, mara nyingi chini ya nusu saa. Mshauri mzuri humsaidia mteja kuandika saa na mahali inapompata, kisha wanapanga: pesa ashike mama, njia ibadilishwe, ale kabla ya kutoka, awe na namba moja ya kupiga. Vikao hivi si vya kurukwa, hata kama foleni ya dirishani imeshaisha na jua linachoma. Kwa anayetegemea pombe, kokeini au bangi peke yake, dirisha hili si lake: methadoni haitibu hivyo. Mlevi wa kila siku aliyeanza kutetemeka alfajiri aende hospitali kabla ya kukata pombe ghafla, maana degedege linaweza kumuua.