Rocna ya kilo 20: kama unataka kuhamia kwenye boti ya tanga anza na nanga

Jamani wale mnaojiandaa kuhamia kwenye boti ya tanga moja kwa moja, naona kila mtu anauliza sola, betri za lithiamu, friji, na nanga haiulizwi kabisa. Ngoja niwaambie ya nanga yetu, Rocna ya kilo 20, maana hii ndio kitu ya kwanza sie tulitoa pesa, kabla hata ya godoro, na wallahi sioni kwa nini mtu aanze kwingine.

Boti yetu ni ya faiba, futi 36, iko Kilifi ndani ya kriki, ule mkono wa bahari unaoingia bara. Ilikuja na nanga ya CQR, ile yenye umbo la jembe la plau na kiungo kinachocheza hapo katikati. Si nanga mbaya jamani, ilibuniwa Uingereza mwaka 1933 na Geoffrey Taylor, mwanafizikia aliyekuwa pia baharia, na watu wamezunguka dunia nayo. Kwa mtu wa kutweka Jumamosi na kurudi jioni inatosha. Lakini sisi tunazungumzia kulala humo, na watoto, usiku kwa usiku, kusi inavuma mwezi wa sita na saba, sasa hapo mambo ni tofauti. CQR kwenye mchanga mgumu inalala ubavu na inaburura kidogo kabla haijaamua kuzama, na kwenye kriki shida ni kwamba maji yanajaa yanapwa, boti inageuka nanga inavutwa upande mwingine kabisa, kila siku, uwepo usiwepo.

Rocna ilibuniwa na Peter Smith wa New Zealand. Ina ncha kali, bamba lililobonyea mfano wa koleo, na upinde wa chuma kwa nyuma ambao kazi yake ni kuipindua ikianguka vibaya, ili ncha iangalie chini. Basi. Hakuna kiungo kinachocheza, hakuna cha kuharibika. Ukitaka kujua imeshika ama haijashika, ishushe, achia mnyororo polepole boti ikirudi nyuma, halafu tia injini riversi kidogo kidogo na uweke mguu juu ya mnyororo pale omoni, mbele ya boti. Ikiwa inaburura utasikia kwenye unyayo, mnyororo unatikisika unagugumia, unalegea unakaza tena. Ikishika unanyooka, unakaza, kimya, na ukiangalia mikoko ya ng'ambo haisogei. Ile CQR ilikuwa inagugumia muda mrefu, hii inagugumia kidogo tu kisha inakaa. Na maji yakigeuka inajipindua inazama upya, asubuhi unakuta boti iko palepale.

Sasa nanga peke yake haifanyi kazi bila mnyororo wa kutosha, na hapa ndio naona watu wengi wanabana pesa. Piga hesabu: umetia nanga kwenye mita 5 maji yakiwa yamepwa, bamvua letu huku, yaani maji makubwa, linaweza kupanda mita 3 na nusu, na kutoka majini mpaka omoni ni kama mita 1, jumla 9.5. Zidisha mara 5, hiyo ni mita 47 na nusu za mnyororo, na hapo upepo haujachachamaa. Ukipimia kina cha maji kupwa peke yake utaachia mita 25 na usiku maji yakijaa mnyororo unavuta kuelekea juu na unaweza kuing'oa nanga yenyewe. Sie tumeweka mita 60 za mnyororo wa unene wa milimita 8, uzito wake unapita kilo 80, kwa hivyo winchi ya nanga, ile mashine ya kuuvuta mnyororo, si anasa. Hakikisha pia gurudumu la winchi linalingana na saizi ya mnyororo maana zikipishana kidogo tu unaruka. Na funga kamba ya nailoni kwenye mnyororo ndio ibebe mishtuko, la sivyo mtasikia kila wimbi mkiwa kitandani.

Kasoro zipo. Bei iko juu, na ukiagiza nje usisahau usafiri na ushuru, chuma cha kilo 20 hakisafiri bure. Ule upinde haukai kwenye kila omo, pima kwanza kwa boksi la kadibodi kabla hujalipa. Na ikitoka kwenye matope inatoka na matope yote ya Kilifi, lazima uwe na pampu ya maji ama ndoo na mtu wa kumwagia, mke wangu hilo limemchosha kabisa. Mimi nayavumilia, inaonyesha ilikuwa imezama kweli.

Anayetaka ya mitumba aulize imetengenezwa lini na wapi, kuna baadhi zilizotengenezwa China kabla ya 2011 ambazo chuma cha mkono wake, ule mrefu unaofungiwa mnyororo, kilikuwa dhaifu kuliko ilivyotangazwa. Angalia mkono kama umepinda na zinki kama imebanduka.

Nyota 5 kwa matope na mchanga. Kwenye matumbawe usiitie, wala nanga yoyote ile, Watamu na Malindi ni hifadhi tangu 1968 na jiwe likivunjwa halirudi leo wala kesho. Tafuta boya la kufungia ama sogea mpaka uone mchanga mweupe chini, ndio ushushe.